Kengele ya Tano

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo haijawahi kunitoka. Baridi ikirudi Nairobi, nikawaona ninyi vijana mkipita hapa Kawangware na baiskeli zenu za gia mkielekea milima ya Ngong, huwa natamani kuwasimamisha niwaulize swali moja tu: nani yuko nyuma yenu? Leo wewe umesimama mwenyewe kutia gurudumu upepo, basi keti kidogo. Milima haihami.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha hapa hapa, kwa hiyo baiskeli yangu ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nimevimba kichwa. Tulikuwa kikundi cha watu sita. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Ramadhani, fundi wa baiskeli kule Makina, mtu wa maneno machache aliyepanda mlima na kofia yake ya kufumwa kama anayekwenda msikitini. Rafiki yangu Otieno nilimleta mimi. Mama yake aliuza omena, wale samaki wadogo wa kukaushwa, Soweto ya hapa Nairobi, na yeye mwenyewe alikuwa akijifunza cherehani Soko la Toi, akipunguza suruali za mitumba. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata mafundi wenye mvi walimwachia kazi ngumu. Baiskeli yake pia aliinunua Toi, na kati ya gia zake zote, tatu tu ndizo zilizokuwa hai.

Hatukuwa na simu za kutumiana lokesheni. Mzee alikuwa na desturi yake. Kila tulipofika juu ya kilima alisimama, akaita "Haya!", na kila mmoja wetu sisi watano akapiga kengele mara moja, kwa zamu. Zikisikika tano, tunateremka. Zikiwa nne, tunangoja, hata iwe saa nzima.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, hata gurudumu langu la mbele sikuliona vizuri. Otieno alikuwa ametuchelewesha vilima viwili, na wenzangu walinicheka mimi. "Njoroge, huyu beshte yako umemtoa wapi? Ama tulale huku?" Sikuwa mtu wa kuvumilia utani, mwanangu. Vidole vilikuwa vimeganda, na mteremko uliokuwa mbele ndio nilioupenda kuliko yote.

"Haya!" Mzee akaita juu ya kilima cha tatu.

Ya kwanza ikalia, ya pili, ya tatu. Nikapiga yangu, ya nne. Kimya. Nikaifunika kengele yangu nusu kwa glavu ili mlio ubadilike, nikapiga tena.

"Tano," akasema Mzee. Tukateremka.

Nilijiambia kwamba atatufikia. Kwani shuleni hatukuwa tukiitikiana majina, mwenzako akichelewa? Haraka haraka haina baraka, wazee walisema, lakini ni nani huikumbuka methali akiwa kwenye mteremko?

Tulipotoka kwenye ukungu kule chini, Mzee aligeuka akahesabu vichwa. Akahesabu tena. Kisha akanitazama mimi, si mwingine. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale mteremko ulipoishia.

Tulirudi juu kwa miguu tukiita jina lake. Mimi ndiye niliyemwona, ndani ya korongo kando ya njia, ameulalia mkono wa kulia, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi.

"Njoro, umekuja," akasema. "Asante, bana."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, mwanangu, lakini hakuna tusi lililoniuma kama asante ile.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole vitatu havikukunjika tena, na mkasi haukushikika. Otieno aliacha cherehani, akawa bawabu wa geti. Mpaka leo nikipeleka suruali ipunguzwe, siwezi kuutazama mkono wa fundi.

Mzee Ramadhani hakunigombeza. Jumatatu aliniita kwenye kibanda chake, akaifungua kengele kutoka kwenye usukani wangu kwa bisibisi, akaitia mfukoni. "Kijana, mimi sitamwambia," alisema. "Mdomo unao. Siku ukimwambia, njoo uichukue."

Sikuenda kuichukua. Nilimpelekea Otieno unga na sukari, nikasimama naye siku ya harusi yake, nikamsaidia kuhamisha vyombo alipohama. Nilifanya kila kitu isipokuwa lile moja. Mficha uchi hazai, nami niliuficha zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana Mzee alifariki. Baada ya arobaini, binti yake alikuja hapa na ile kengele ndani ya mkebe wa majani ya chai.

"Baba alisema ulikuwa uje," akaniambia. "Alikungoja mpaka mwisho."

Siku hiyo hiyo nilikwenda hadi getini kwa Otieno. Niliiweka kengele kwenye meza yake ndogo, nikaanza kusema habari za siku ile ya ukungu. Yeye akaichukua kwa mkono wa kushoto, akaigeuza.

"Hii naijua," akasema. "Siku hiyo mi nilikuwa hapo chini tu kwa kona, cheni imetoka. Nikaskia ya nne, nikaskia ya tano. Nikajua ni yako, hata kama umeifunika. Kwanza nilifurahi, Njoro. Nikasema, ona beshte yangu ananifichia aibu. Alafu nikaskia mkishuka. Nikaogopa kuachwa, nikarudisha cheni, nikapanda hadi juu, nikashuka bila kushika breki mpaka korongoni."

"Kumbe miaka hii yote ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Hiyo ilikuwa yako kusema." Akaiweka kengele mezani polepole. "Nimekungoja sana, buda."

Nililia, mtu mzima na mvi zangu, getini kwa watu, magari yakipiga honi yafunguliwe. Yeye ndiye aliyeinuka akaenda kufungua. Nilikuwa nikidhani kwamba nilimwacha Otieno mara moja tu, kule kwenye ukungu.

Basi nisikie, mwanangu. Usiitikie kwa niaba ya mtu ambaye humwoni. Ukimwonea rafiki yako aibu mbele ya wenzako, jua aibu ni yako, si yake. Hukupewa baiskeli nzuri na miguu mizuri ili ufike kwanza kisha uondoke. Ukifika kwanza, ngoja. Na ukikosa, usipeleke unga mahali panapotakiwa neno. Nenda kesho yake asubuhi, ukaseme kwa mdomo wako, hata kama maneno ni mabaya na sauti inatetemeka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka amezeeka pamoja nami.

Haya, upepo umejaa, wenzako wanakuita. Mungu akupe pumzi ya kupanda, na akupe moyo wa kusimama juu kwenye baridi mpaka wa mwisho afike. Na siku wewe utakapokuwa wa mwisho, usikose wa kukungoja.