Ile sauti ya kike kwenye santuri ya Umande Jazz: jina nalijua, ila sitalitaja

Wakuu, nawasalimu nyote kwa pamoja bila kumtaja mtu jina. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini.

Haya yalitokea, na mimi nilikuwamo. Ningefurahi sana kama yangekuwa ya kutunga.

Majuzi kijana mmoja aliweka hapa link ya wimbo wa Umande Jazz, bendi ndogo ya Eastlands ambayo hata wazee wenzangu wengi hawaikumbuki. Akauliza: "Huyu mama anayeimba ni nani? Kwenye label hakuna jina." Mkaanza kubahatisha. Mmoja akasema ni mgeni kutoka Zaire. Mwingine akasema si mwanamke, ni mwanamume aliyebana sauti.

Nilicheka kidogo. Halafu nikaiweka simu mezani, nikashindwa kuishika tena siku hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa Kariobangi. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nikawa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Industrial Area. Sikunywa pombe wala kucheza kamari. Ugonjwa wangu ulikuwa santuri. Zile ndogo, wimbo mmoja kila upande.

Za bendi kubwa hazikunisumbua, zile kila baa ilikuwa nazo. Nilizitaka za bendi zilizojirekodia zenyewe, zikatoa santuri chache, zikapotea. Ikitoka mpya, nilitaka niwe wa kwanza kuwa nayo.

Wa kwanza kumshinda nani? Ndirangu. Huyu alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja. Mwenye ugonjwa kama wangu, na mdomo mkali kuliko wangu.

Vijana huenda hamjui kadi za salamu. Unaandika wimbo unaoutaka, unaandika watu unaowasalimu, unaituma redioni. Mtangazaji akiisoma, jina lako limefika kila mtaa. Tulikuwa na majina yetu ya redioni, na watu ambao hatujawahi kuonana nao walitujua. Kanuni ilikuwa moja: unayemsalimu unamwandika jina kamili na mtaa wake. Salamu isiyo na mtaa tuliiona kama barua isiyo na anwani.

Basi nikaipata hiyo Umande Jazz kabla ya Ndirangu. Nikampelekea kiwandani nimtambie. Akaigeuza, akaisoma, akaniangalia.

"Form Four, haya. Ni nani anaimba hapa?"

"Haijaandikwa."

"Sijakuuliza imeandikwa nini. Nimekuuliza ni nani."

Nikaitazama label tena.

"Hujui. Basi hii si yako bwana, wewe unamtunzia mwenyewe tu." Meza nzima ikacheka.

Nikaanza kutafuta. Muuza santuri mmoja mjini akaniambia mpiga gitaa wa bendi hiyo hutengeneza redio Kariobangi, nyuma ya soko. Nyuma ya soko! Mtaani kwangu mwenyewe. Aliitwa Fundi Saulo, na nilikuwa nikimpita kila siku.

Saulo alinikwepa mara kadhaa. Mwishowe akachoka, akasema njoo Jumamosi mchana, tunafanya mazoezi chumba cha nyuma.

Nikaenda. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa makamo, wa kawaida tu, kitambaa kichwani, kikapu cha sukuma wiki mkononi. Akakiweka kikapu karibu na mlango, akavua viatu.

"Huyu shabiki amekutafuta kama polisi," Saulo akamwambia.

"Polisi wenyewe hawajanipata," akacheka. Akanigeukia. "Unakaa wapi, ndugu?"

"Hapa hapa Kariobangi, mama."

"Vizuri. Basi wewe umeniona sokoni nikinunua mboga. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Sokoni."

Alikuwa mke wa mzee wa kanisa huko mtaa wa Ziwani, na mwimbaji wa kwaya. Mumewe alijua anakuja sokoni. Nyimbo za dunia hazikuruhusiwa nyumbani kwao, na mumewe hakuwa mtu wa kurudia neno mara mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema jina lisiandikwe kwenye label.

Akaimba. Alikuwa akiziba sikio la kushoto kwa kiganja ili ajisikie, na katikati ya ubeti akimcheka Saulo akikosea. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote. Sijawahi kukaa karibu na kitu kama kile tena.

Alipoondoka, Saulo aliniambia jina lake kamili, na la mumewe. Alinitajia kwa kuniamini, kwamba nikiwakuta Ziwani siku moja nijue wa kumkwepa, nisije nikaropoka.

Wakuu, mnajua nilifanya nini?

Niliandika kadi.

Nilijidanganya kwamba ni heshima. Mama anaimba vile halafu hajulikani, nikasema si haki. Lakini leo sina wa kumdanganya. Nilikuwa namfikiria Ndirangu na ile meza iliyonicheka. Ningeweza kuandika "mwimbaji wa Umande Jazz" nikaishia hapo. Niliandika jina lake lote, mke wa fulani, Ziwani, "mwenye sauti hiyo mnayoisikia hewani". Kwa mwandiko wangu mzuri wa Form Four.

Ikasomwa Jumapili mchana. Mtangazaji alilitamka jina vizuri kabisa, halafu wimbo ukapigwa. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu kama mtu aliyepewa medali.

Jumatatu Ndirangu akaninyooshea mkono. "Leo umeniweza, Form Four." Nikala chakula changu kwa raha siku hiyo.

Jumamosi nikaenda kwa Saulo. Bendi ilikuwa imekaa, hakuna anayepiga. Saulo hakunisalimu. Alikuwa amefungua redio ya mtu, anachokora ndani yake bila kutengeneza chochote.

"Kwao walikuwa na wageni wa kanisa," akasema. "Redio iko kwa jirani, ukuta ni mmoja. Yeye ndiye alikuwa akiwamiminia chai."

Mumewe alingoja wageni wale, waombe, waage. Aliwasindikiza mpaka barabarani. Halafu akarudi ndani, akafunga mlango.

Nikamwuliza Saulo tufanye nini. Akasema, "Wewe umeshafanya. Nenda nyumbani."

Sikwenda Ziwani. Naandika hilo pia. Nyumba ningeiulizia ningeonyeshwa, na sikwenda.

Miezi ikapita. Siku moja nikamwona sokoni, sasa kweli ananunua mboga. Nikamfuata, nikamwita, "Mama." Hakugeuka. Nikaita tena, niko karibu naye kabisa. Nikajua amenikataa, na nikasema moyoni ana haki.

Muuza mboga akamgusa mkono, akamwonyesha mimi. Akageuka.

"Zunguka huku, ndugu," akasema. "Upande huo umefungwa."

Nikazunguka, nikasimama upande wa kulia. Yeye akapanga mboga zake kwenye kikapu pole pole.

"Salamu zako zilifika," akasema. Akaenda.

Kwenye kwaya hakurudi. Niliambiwa alijaribu, akawa anatoka nje ya sauti za wenzake bila kujua, akaona aibu. Umande Jazz haikurekodi tena. Saulo aliuza gitaa, akahama, nikasikia baadaye kwamba amefariki. Santuri yangu niliivunja. Hata huo ulikuwa upumbavu, maana ndani yake hakukuwa na kosa lolote.

Sasa turudi kwenye ule uzi wa kijana. Chini kabisa, ambako wengi hamkufika, mwanachama mmoja aliandika: "Sauti hii inanikumbusha marehemu mama akifua nguo. Alikuwa akiimba ameziba sikio moja, na tulikuwa tukimcheka kwa sababu ni lile ambalo halisikii. Lakini mama hakuwahi kuwa na bendi."

Hakuna aliyemjibu.

Nilimwandikia inbox. Nikamwuliza sikio lipi, akasema la kushoto. Nikamwuliza alikokulia, akasema Ziwani. Basi nikamweleza yote, hivi hivi nilivyowaeleza ninyi, kwanza yeye peke yake.

Siku kadhaa zikapita. Halafu akaandika: "Mama alituambia ni surua ya utotoni. Kwa hiyo ni wewe."

Nikajibu ndiyo, ni mimi.

Sikutegemea neno lingine kutoka kwake. Lakini jioni yake akauliza swali moja: siku ile ya mazoezi mama yake alionekanaje. Nikamwambia alikuwa amevua viatu, na alikuwa anacheka.

Akajibu: "Sisi hatukuwahi kumwona hivyo. Andika, watu wajue alikuwa mwimbaji. Jina tuachie sisi."

Kwa hiyo nimeandika kwa ruhusa. Safari hii niliomba kwanza.

Ninyi mnaofukua bendi zilizosahaulika, kazi yenu ni nzuri, nami bado naipenda. Ila mkikuta mtu ambaye hakuandikwa, msidhani kila mara alisahauliwa. Wengine walijificha, na walikuwa na sababu. Kumjua mtu si ruhusa ya kumtangaza.

Mwenye kumbukumbu za Umande Jazz, za gitaa la Saulo au za chumba kile nyuma ya soko, aweke hapa chini, nitasoma. Mwenye neno kali kwangu pia aliandike, sitajitetea.

Na wewe kijana uliyeuliza: pale kwenye label palipo wazi, paache hivyo hivyo. Ni yeye aliyepaacha.