Ua la Mwisho la Dirisha la Mjerumani

Mnaweza kucheka, lakini yalinipata mimi mwenyewe, na mwili huu ninaoukokota ndio ushahidi wangu.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Nilikuwa mhunzi Rwamishenye. Pale Bukoba mjini, karibu na ziwa, walibomoa nyumba moja kuukuu ya Mjerumani, nikaruhusiwa kuchukua nondo za dirisha lake. Chuma kilikuwa kimesokotwa kuwa matawi, majani na maua. Ua moja tu lilikosekana, kikabaki kikonyo kitupu. Lakini chuma kilikuwa adimu, mvua zimeanza, watu wanadai majembe. Nikaamua kulikatakata dirisha lile.

Mchana ule palikuwa na manyunyu. Ndiyo kwanza nainua patasi, nikasikia, "Waitu, tafadhali, usikate."

Mlangoni alisimama mzee aliyejifunga ngozi ya kihunzi. Alikuwa mkavu kabisa. Nililiona hilo, nikalipuuza. Nani angedhani?

"Nimebakiza kidogo tu," akasema. "Nivukutie moto."

Nikavukuta. Akatia kipande cha chuma motoni, na kilipoiva akakitoa kwa mkono mtupu. Niaminini, ngozi ya kiganja haikunuka kuungua. Akakigonga taratibu mpaka kikawa ua, akalipachika kwenye kikonyo, kisha akaketi chini kwa uchovu ambao sijauona kwa mtu aliye hai.

"Nimechoka, mwanangu."

"Pole, mzee. Lete mkono nikuinue."

Si ndivyo tulivyolelewa? Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la ziwani. Nikavuta, akainuka mwepesi. Aliyebaki ameketi chini ni mimi. Nilipotazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Kwenye tope hapakuwa na nyayo zozote ila zangu.

Jirani yangu, bibi aliyebeba mawe ya kujengea nyumba ile akiwa msichana, alikuja akalitazama ua.

"Fundi wa dirisha hili alifia kazini," akasema. "Walimharakisha, hawakumpumzisha. Alikuwa amebakiza ua moja."

Sikulikata tena dirisha lile. Nililipeleka Muleba kwa mdogo wangu, liko ukutani kwake hadi leo. Lakini mimi sijafua jembe tangu siku ile. Nalala mapema, naamka nimechoka. Mke wangu ndiye anayepalilia migomba, nami namtazama. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Basi ukichukua chuma cha nyumba kuukuu, uliza kwanza aliyekifua aliishia wapi. Na mtu usiyemjua akikwambia amechoka, mpe pole. Mkono usimpe.