Mama Dieudonnée na Mkutano wa Kusimama

Dieudonnée alizaliwa Kasongo, akasoma Kasongo, na kwa miaka mingi alisimamia nidhamu katika shule moja ya sekondari hapo mjini. Wanafunzi walimjua kwa mwendo wake. Akitokea kwenye kona ya darasa, kelele zilikatika kabla hajafungua mdomo. Hakupiga wala hakutukana. Alisimama tu, mikono nyuma, akitazama, mpaka aliyekosa ajitaje mwenyewe. Mume wake alikuwa amefariki, watoto wamekwisha kuwa watu wazima, na nyumbani kwake kila kitu kilikaa mahali pake.

Alipoacha shule, alipata kazi katika shirika dogo lililokuwa likitengeneza huduma ya simu kwa wasafiri wa barabara ya Kasongo hadi Kabambare. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu apige namba fulani, asikie sauti ikimwambia madaraja ya njiani yakoje. Wakati wa mvua, mtu anaweza kutoka na pikipiki na magunia yake ya mpunga, akafika mtoni akakuta magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Safari inaishia hapo.

Walikuwa watu wachache. Alain ndiye aliyeandika programu kwenye kompyuta. Grâce alijaribu kila kitu kabla hakijatoka, na sauti iliyosikika kwenye simu ilikuwa yake. Amuri, kijana wa Kabambare aliyewahi kuendesha pikipiki njia hiyo, alipigia simu watu wanaokaa karibu na madaraja ili apate habari. Jean-Pierre alikuwa mwenye bidhaa, maana yake yeye ndiye aliyeamua kazi ipi itangulie na ipi ingoje. Dieudonnée walimpeleka Kindu kujifunza namna ya kufanya kazi inayoitwa Skramu, akarudi na cheti kilichoandikwa kwamba yeye ni Skramu Masta.

Neno hilo la mwisho ndilo lililompendeza. Masta, yeye alisikia ni chifu. Kule Kindu mwalimu alisema wazi kwamba huyu mtu haamrishi mtu, kwamba kazi yake ni kuwaondolea wenzake vikwazo na kuwasaidia wakae vizuri kazini. Dieudonnée aliyasikia, akayaandika pia. Lakini aliporudi Kasongo, miguu yake ilisimama ilivyozoea kusimama.

Skramu inataka watu wakutane kila asubuhi kwa muda mfupi, wamesimama, waambiane kazi imefika wapi na nini kinawazuia. Dieudonnée aliwapanga mstari kando ya ukuta wa ofisi. Yeye akasimama mbele, mikono nyuma.

“Alain.”

“Niko, Mama. Yangu inaendelea vizuri.”

“Umemaliza?”

“Nitamaliza leo.”

“Grâce?”

“Vizuri, Mama.”

Ilikwenda hivyo kila asubuhi. Kazi zilikaa ukutani kwenye vipande vya karatasi, na karatasi ya kazi iliyokwisha ilihamishwa upande wa kulia. Mwisho wa wiki Dieudonnée alihesabu ya nani zimehama nyingi, akasema mbele ya wote: “Grâce amemupita Alain tena.” Alidhani anawatia moyo. Baada ya muda karatasi za Alain nazo zikaanza kuhama haraka. Dieudonnée akafurahi, hakuuliza zaidi.

Jean-Pierre naye alikuwa na lake. Aliambiwa kwamba timu za namna hii hazishikilii mpango kama jiwe, kwamba zinajifunza na kubadilika. Yeye akaelewa kwamba anaweza kubadilisha saa yoyote. Wiki zao mbili mbili za kazi zinaitwa sprinti, na alizipenda kwa jina hilo.

“Sprinti ni mbio,” alisema akicheka. “Basi mukimbie!”

Jumatatu alitaka bei za mpunga ziongezwe. Jumatano akataka ramani. Akikutana na mfanyabiashara njiani, anarudi na jambo jipya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi watu wengi, na kila ahadi ilimsumbua rohoni. Alain aliandika mwanzo wa hili na nusu ya lile, na Dieudonnée, aliyekuwa na haki ya kusema ngoja kwanza, aliona ni utovu wa heshima kumzuia mkubwa mbele ya watu.

Ndipo ikaja safari ya Kabambare. Walikuwa wamewapa waendesha pikipiki kadhaa wa huko ile namba, na sasa walitaka kuwaonyesha kazi yenyewe. Asubuhi ya kuondoka Dieudonnée aliipiga kutoka uani kwake. Sauti ya Grâce ikasema, safi kabisa: “Daraja la mbele ya Lusangi ni zima. Pikipiki zinapita.” Akafunga kilemba chake vizuri, wakapanda pikipiki, wakaenda.

Barabara ilikuwa na matope lakini walipita. Lusangi walikunywa chai, wakaendelea. Walipofika darajani, hapakuwa na daraja. Yalibaki magogo mawili yaliyolala upande kama meno yaliyong'oka, na maji mekundu yakipita katikati. Ng'ambo, mama mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia la karanga, amejifunika nailoni.

“Ilivunjika lini?” Amuri akapaza sauti.

“Soko iliyopita!” mama akajibu.

Siku ya soko iliyopita, si jana wala juzi. Vijana wa pale walizibeba pikipiki mabegani kwenye maji, moja baada ya nyingine. Dieudonnée akavua viatu akavuka, maji yakimfika magotini, Grâce amemshika mkono. Wakafika ng'ambo. Akageuka akamtazama Grâce, ambaye sauti yake ilikuwa imewaambia pikipiki zinapita, naye amesimama hapo na matope mpaka magotini.

“Nani alijua?” Dieudonnée akauliza.

Lilikuwa swali lake la shuleni, na sura ikawa ile ile ya shuleni. Jean-Pierre alikuwa anakamua suruali yake. Mwishowe Grâce akasema, “Mimi nilijua, Mama.”

“Ulijua daraja imevunjika?”

“Hapana. Nilijua kama programu inadanganya. Mulinzi wa daraja hii akikosa reso ya simu, hatumupati. Sasa programu inarudilia habari ya zamani, inasema kama ni ya leo.”

“Na mimi nilijua,” Alain akasema. “Nilitaka kuitengeneza. Lakini kulikuwa ramani, kisha bei. Ile karatasi niliipeleka upande wa kuume ili isionekane nimebaki nyuma.”

“Amuri?”

“Mama, tangu soko ile sijamupata mulinzi wa hapa.”

“Tunasimama pamoja kila asubuhi,” Dieudonnée akasema polepole. “Ninawauliza kila asubuhi. Kwa nini hamukusema?”

Alain aliinamisha kichwa, kisha akamtazama usoni. “Usikasirike, Mama. Ile ya asubuhi si mazungumuzo. Ni kama mwalimu anaita majina. Unaitwa jina, unasema niko, imekwisha. Hatuongei sisi kwa sisi. Tunakujibu wewe.”

Hakukasirika. Alitafuta mahali pakavu, akakaa, akaanza kupangusa miguu kwa kitenge. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo aliyovaa siku nzima ameigeuza ndani nje. Wote walikuwa wameiona. Akavaa viatu. “Twende,” akasema. “Watu wanatungojea.”

Kabambare walipokewa na Abdoul, mkubwa wa waendesha pikipiki wa pale, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Jean-Pierre alikuwa ameandaa picha za kuonyesha ukutani, na ramani ya rangi. Dieudonnée akamwomba kando, kwa sauti ya chini: “Papa Jean-Pierre, tusiwahubirie. Tuwape simu, tuwaangalie.” Jean-Pierre alisita, lakini umeme nao haukuwapo, basi akakubali.

Waendesha pikipiki wakapokezana simu. Ramani hakuna aliyeiuliza, simu zao nyingi hazionyeshi hata picha. Bei za mpunga walizicheka, kwa sababu bei wao ndio wanaoileta. Walichotaka ni kingine. Maji yamepita juu ya daraja, au ni mbao tu zimeng'oka? Inapita pikipiki na mzigo, au inapita mtu peke yake? Na habari hiyo ni ya lini?

“Hiyo ya lini ndiyo kubwa,” Abdoul akasema. “Juzi simu ilimwambia mwenzetu daraja iko muzima, akalala porini na mizigo ya watu. Kama hamujui, museme hamujui. Hapo tutapiga tena kesho.”

Jean-Pierre akaanza kuandika.

Waliporudi Kasongo, Dieudonnée hakuwapanga tena kando ya ukuta. Aliwaambia wasimame duara mbele ya karatasi zao, yeye akiwa pembeni, na waseme wao kwa wao. Wakasimama. Kila aliyesema alimgeukia yeye, kama mtu anayetafuta ruhusa. Siku ya tatu akaona hakuna njia nyingine, akatoka, akasimama barazani. Huko nyuma akasikia wanacheka, akaumia, akadhani wanamcheka yeye. Kisha akasikia Grâce akimbishia Alain juu ya jambo fulani, Alain akimjibu, Amuri akiingilia kati, na mabishano yakawa marefu na mazuri. Mwisho Alain akachungulia mlangoni.

“Mama, tuko na shida. Mulinzi wa daraja hapati reso. Unaweza kutusaidia?”

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo. Alikwenda kwenye kituo cha pikipiki, akaongea na waendeshaji mpaka wakakubali: anayepita darajani atapiga simu akifika penye reso, aseme alichokiona.

Si kwamba mambo yalinyooka mara moja. Vijana walipoonja kusema wenyewe, wakavuka mpaka. Alain akasema Skramu ni uhuru, mipango ni ya zamani, na kwa wiki nzima mkutano haukufanyika. Kila mmoja akashika alichopenda, na Amuri na Alain wakatengeneza kitu kile kile bila kujua. Safari hii Dieudonnée hakunyamaza. Aliwaita akawauliza, “Mwisho wa sprinti hii, mutu wa Kabambare atapata nini ambacho leo hana?” Wakashindana kwa maneno mpaka likabaki jambo moja: mtu akipiga, ajue habari ni ya lini. Wakaliandika ukutani kwa herufi kubwa. Tena wakakubaliana kwamba hakuna karatasi itakayohamia kulia kwa sababu kitu kinafanya kazi kwenye kompyuta ya Alain. Itahamia pale tu msafiri wa barabara hiyo akikijaribu kwa simu yake mwenyewe na kuelewa. Kuhesabu nani ana karatasi nyingi kukaachwa kabisa.

Sprinti haijafika katikati, Jean-Pierre akaingia na jambo la hali ya hewa. Dieudonnée akampokea kwa heshima, akamwekea kiti.

“Papa Jean-Pierre, liweke kwenye orodha, mahali unapopenda. Lakini kazi ya wiki hizi mbili tusiiguse.”

“Mama, mimi ndiye mwenye bidhaa!”

“Ndiyo, Papa. Na tunakutegemea uchague kinachotangulia. Ukisema vyote vitangulie, Alain atachagua kwa niaba yako, na utakasirika.”

Alikasirika papo hapo. Kwa siku kadhaa alimsalimia tu, akapita. Dieudonnée akalala vibaya. Lakini sprinti ilipokwisha, Jean-Pierre mwenyewe alimpigia Abdoul, akamwacha aseme atakalo juu ya ile sauti mpya, naye akasikiliza. Kesho yake akaja ukutani bila kuambiwa, akaing'oa karatasi ya ramani, akaitia mfukoni.

Mvua kubwa zilipokuja, sauti ilikuwa inasema: “Hatuna habari ya leo. Habari ya mwisho ni ya jana asubuhi.” Wako waliolalamika kwamba simu gani hii isiyojua kitu. Wengine walingoja, wakapiga tena. Huko Kabambare walitaka pia isikike kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Grâce akajaribu, waendesha pikipiki wakacheka mpaka machozi, basi sauti hiyo ikasomwa na dada yake Abdoul.

Kila sprinti ikiisha walikaa bila mgeni, kuongea namna walivyofanya kazi pamoja. Ilikubaliwa kwamba lisemwalo humo si la kumpeleka mtu mbele ya wakubwa. Siku moja Grâce akasema, akichezea kalamu, “Mama, sasa unanyamaza sana. Hata ukiona tunakosea, unatazama tu. Na wewe uko mutu wa ekipe, timu yetu. Sema.”

Dieudonnée alishangaa, kisha akacheka, na waliokuwa hapo hawakuwa wamezoea kicheko chake.

“Basi ninasema,” akawaambia. “Saa tunayokutana iko mbaya. Amuri anakuwa hajapata simu za barabarani. Tunaongea bila habari.”

Wakaangaliana. Hakuna aliyelifikiria hilo. Wakakubali kujaribu kukutana Amuri akisha kupata simu zake, na wiki mbili zikipita wakubaliane kama inafaa.