Bomba Nililolipandisha Kabiro

Siku yangu ya kwanza kazini, kule kijiji cha Raila, Kibera, sikupewa mwiko wala saruji. Foremani alinipa jembe, akanionyesha mahali maji yalipochuruzika kwenye mteremko.

"Hapa yanaonekana tu," akasema. "Chimba ukipanda mpaka upate jicho lenyewe."

Jicho la chemchemi ni pale maji yanapotokea ardhini. Tulipolipata, tulilizungushia mawe na kokoto, tukafunika kwa udongo wa mfinyanzi, kisha tukajenga ukuta wenye bomba. Juu zaidi tukachimba mtaro wa kuelekeza kando maji machafu ya mvua. Bomba, foremani alisisitiza, lazima likae chini kuliko jicho. Likipanda, maji hurudi nyuma yakatafuta njia nyingine.

Miaka mingi baadaye nilikuwa foremani mwenyewe, nikijenga chemchemi nyingine Kabiro, Kawangware. Akina mama waliomba bomba liinuliwe ili mtungi usimame wima chini yake. Ilifaa tuchimbe pale pa kuteka pashuke zaidi, lakini palikuwa na mwamba, nami nilitaka kumaliza. Nikalipandisha bomba.

Siku ya tatu asubuhi maji yakakatika. Mama Atieno, mpangaji aliyeuza mboga, akaja kuniita. Chumbani kwake, hatua chache kutoka ukutani, sakafu ilikuwa imepasuka na maji yanabubujika kando ya kitanda.

"Fundi, sasa watu wapange laini kwa kitanda yangu?" Hakuwa akicheka. "Mwenye ploti akiona hii atasema ni mimi nimeharibu. Atanitoa."

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Nilikwenda kwa mwenye ploti nikamweleza hivyo hivyo. Kisha nikampigia simu afisa wa maji, mkubwa wangu.

"Bomoa," akasema. "Na huo mwamba, anza leo."

Nilibomoa ukuta wangu mbele ya wale wale waliousifu. Tulivunja mwamba kwa nyundo na patasi siku nne, tukashusha bomba, tukajenga ngazi za kuteremkia. Maji yalirudi na matope, kisha yakatakata. Chumba kilipokauka, nilimwekea Mama Atieno sakafu mpya kwa mikono yangu. Aliikanyaga bila viatu, kona hadi kona.

"Sasa watoto wanaweza kurudi," akasema. Walikuwa wakilala kwa jirani.

Siku hizi nimestaafu. Magoti yamekataa mteremko. Vijana huniuliza vipimo vya saruji, nami huwapa. Lakini wakiniuliza kazi ninayojivunia, huwaambia ni ile asubuhi nilipobisha kwa mwenye ploti, kabla Mama Atieno hajaulizwa lolote.