Restuta na muuaji mwenye sauti tamu

Saa nane mchana, Jumamosi ya Februari 2003. Katika ukumbi mdogo nyuma ya soko la Woolwich, London, Restuta Kokuhirwa amesimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, sare ya kazi bado mwilini. Kwenye skrini, katika filamu ya Warusi, mpelelezi Mwingereza anazungumza Kirusi. Restuta anampa Kiswahili.

"Chai hii haijaguswa, mama," anasema kwa sauti tamu, kisha papo hapo anageuka bibi mwenye nyumba: "Weee! Unanisingizia mimi?"

Ukumbi unaangua kicheko. Kwenye filamu farasi wanakatiza mtaa wa London, ila London hiyo Warusi waliitengeneza katika mji mmoja wa pwani ya Baltiki.

"Huo mtaa wa wapi?" anapaza sauti Placida, msafisha ofisi kutoka Walthamstow. "London nzima nimeifagia, huo sijauona!"

Restuta, 43, mzaliwa wa Bukoba, alisomea uhandisi wa maji mjini Minsk, enzi za Umoja wa Kisovieti, kwa miaka sita. Filamu hizi za upelelezi na za safari za sayarini alizianzia huko. "Hosteli baridi, tunabanana kwenye tivii moja," anakumbuka. "Kirusi nilifundishwa na wapelelezi. Walimu walinichosha tu!"

Ufundi wa kutafsiri filamu kwa sauti huku ikiendelea aliuona kwenye mabanda ya video Dar es Salaam. Tangu 1994 yuko London, akifua nguo za wazee sitini kwenye nyumba ya kuwatunzia. Kaseti zake za filamu hizo ni thelathini na moja.

Lakini leo Jumamosi zake ziko hatarini. Jumamosi iliyopita, filamu ikiwa katikati, Norbert, Mkongomani anayelinda duka Kilburn, alisimama akapiga kelele kwa Kiswahili cha kwao: "Mama Restuta, ule daktari njo muuaji! Kila muuaji unamupaka sauti ya asali!"

Alikuwa amepatia; daktari ndiye aliyekuwa muuaji. Watu walicheka, wakachukua makoti yao, wakaenda zao. Walibaki tisa. Mohinder, msimamizi wa ukumbi, akamwambia wazi kwamba watu wakiondoka tena namna ile, Jumamosi atapewa mwingine.

"Niliumia sana," anasema Restuta. "Wiki nzima ni shift, mashine, mashuka. Hapa ndipo ninapojisikia mtu. Halafu Norbert kasema kweli! Muuaji namjua tangu mwanzo, namwonea huruma, sauti inalegea yenyewe."

Basi wiki nzima amefanya mazoezi katikati ya mashine za kufulia, mpaka wenzake wakamuuliza kama anaumwa. Leo sauti ya asali kampa mpelelezi mwenyewe.

Norbert anahangaika kitini. "Haiwezekane! Mupelelezi njo muuaji?"

"Nyamaza wewe, tusikie!" Placida anamkemea.

Watazamaji wanabishana, wanashikana mabega, na hakuna anayegusa koti. Hata chai ya mapumziko inapoa mezani. Dakika za mwisho mpelelezi anamnyooshea kidole mtunza bustani, yule mzee wa kukohoa ambaye ukumbi mzima ulikuwa ukimhurumia. Watu wanaruka. Norbert anajishika kichwa, halafu anapiga makofi kuliko wote. Watu hamsini na wawili wameketi mpaka mwisho, na Restuta anafuta machozi kwa mkono wa sare.

Muda wa ukumbi umepita kwa dakika ishirini. Mohinder amesimama mlangoni na funguo zake, lakini taa hajazima. Hajui Kirusi wala Kiswahili.

"Yule mzee," anauliza kwa Kiingereza, "aliua kwa sababu gani?"

"Nipe Jumamosi ijayo," Restuta anamjibu, "nikueleze."

Mohinder anacheka, anafungua daftari la ukumbi na kuandika jina la Restuta kila Jumamosi hadi Juni.

Restuta tayari yuko mbali kimawazo. Ijayo ni filamu ya chombo kinachotua kwenye sayari ya ajabu, na viumbe wa huko wanaongea Kirusi safi.

"Warusi wamekosea," anasema, macho yakimwaka. "Viumbe wa sayari nyingine nitawapa Kihaya cha kwetu Bukoba!"