Kona Tupu ya Bi Miriam

Leo nimemfokea mwenyekiti wa jumuiya yetu mbele ya wageni, na sijutii.

Jirani yangu hapa mtaa wa Parkdale, Bi Miriam, ni mchoraji wa Kiyahudi. Alizawadia ukumbi wa jumuiya mchoro wake wa mwisho. Hachori tena, macho yamemwishia nguvu.

Kila mchoro wake una kona isiyopakwa rangi. Wazee wake waliacha kipande cha ukuta wa nyumba bila lipu, kulikumbuka hekalu lao lililobomolewa.

Leo nimeikuta kona imepakwa buluu!

"Mzee, bibi alisahau," mwenyekiti Salim akaniambia akitabasamu. "Nimemmalizia."

"Kummalizia!" nikamfokea.

Bi Miriam akaigusa. Rangi ilikuwa mbichi. Akampa Salim kitambaa.

"Futa mwenyewe, mwanangu."

Akafuta. Doa limebaki.

Niambieni, ningenyamaza?