Saa nzima mbele ya damu yake mwenyewe

Saa mbili kasoro tano asubuhi. Stephania Malimi anausimamisha mrija mwembamba kwenye stendi, anatazama saa ya ukutani, kisha anaficha mikono kwenye mifuko ya koti lake jeupe. Damu iliyomo kwenye mrija ni yake.

Kipimo hiki, ambacho watu wa maabara hukiita ESR, hakina haraka. Damu huachwa itulie saa nzima, ndipo husomwa chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Zikizama mbio, kuna uvimbe unaowaka mwilini. Miezi minne iliyopita damu ya Stephania ilizama milimita 82. Leo isiposhuka chini ya 41, daktari wake wa Bariadi atabadilisha dawa, na yeye ataiacha kazi ya kuwatoa wagonjwa damu ahamie dirisha la mapokezi.

"Nimetoboa watu miaka kumi na miwili," anasema. "Mapokezi nikafanye nini? Kuandika majina?"

Nje ya maabara ya kituo hiki cha afya, katani Nkoma, wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Mzee Masunga, mkulima wa pamba, amefika tangu alfajiri. Mishipa yake huikimbia sindano, na hataki kutobolewa na mwingine.

Mwaka jana vidole vya Stephania vilianza kugoma. Akiamka havikunjiki mpaka saa nne. Mama yake, Rhoda, alisema ni baridi yabisi, akawa anamkanda kwa maji ya moto. Stephania, mwenye miaka 38, akajitia hamnazo. Aliomba zamu za mchana, na asubuhi ambazo hakuwa na ujanja alimeza vidonge vya dukani vya kutuliza uvimbe. Vilimsaidia sana.

Ndipo akajipima mwenyewe. Ikasoma 14, namba ya mtu mwenye afya kabisa. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapa walisema kweli. Yeye humuuliza kwanza kila mgonjwa amemeza dawa gani, lakini mwenyewe hakujiuliza. Vidonge vilikuwa vimeuficha moto kwenye damu huku ugonjwa ukiendelea na safari yake.

"Niliuamini mrija," anasema. "Nikalala usingizi mzuri miezi miwili."

Aliyemshtua ni Deogratias, mwenzake wa maabara, aliyemkuta siku moja akifungua kizibo cha chupa kwa meno. Kesho yake alimpeleka Bariadi yeye mwenyewe. Daktari alimpunguzia vidonge taratibu mpaka vikaisha, akampima upya, na hapo ndipo ile 82 ilipojitokeza. Damu nyingine ilipelekwa Mwanza kutafutwa kingamwili zinazogeuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili. Zilikuwa tele. Daktari alimwambia amewahi, mifupa bado haijaliwa, akamwanzishia dawa ya kumeza mara moja kwa wiki.

Zimebaki dakika kumi. Stephania anafungua mkoba na kutoa pakiti ya vile vidonge vya zamani. Haijafunguliwa.

"Nimevibeba wiki nzima," anamwambia Deogratias. "Vingeishusha namba. Mara mbili nilishashika na maji ya kumezea."

Anamkabidhi. Anaogopa, na anasema anaogopa.

Saa tatu kasoro tano. Kwa makubaliano yao, Stephania hasomi tena mrija wake. Deogratias anainama, anasoma, anafuta miwani na kusoma tena.

"Thelathini na nne."

Stephania anakaa chini, machozi yanamtoka. Anajua bado haijawa namba ya mzima, ambayo kwa mwanamke wa umri wake haizidi ishirini. Mpango wake ni kuifikisha hapo kabla ya msimu ujao wa pamba, na kuwasimulia habari zake wanawake wote wanaokuja hapa na vidole vilivyovimba.

Ananawa mikono, anamwita Mzee Masunga.

"Mwangaluka, mayu," mzee anamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama, huku akikunja mkono wa shati.

"Mwangaluka, baba. Kabla sijakutoboa, niambie ukweli. Umemeza dawa gani?"